Bariere ndani ya mashini: jinsi PlayStation ilivyofunguliwa ili icheze michezo ya ng'ambo

Katika mitaa mingi ya Goma na Bukavu, ukifuata kelele za vijana saa za jioni utafika kwenye kibanda cha PlayStation. Ni chumba cha mbao chenye televizio mbili au tatu, mabenchi, jenereta inayonguruma nje au betri ya sola chini ya meza, na mtu mmoja anayekusanya franka kila mechi inapoisha. Watoto wa mtaa na watoto waliofika juzi na wazazi wao wakikimbia vita wanakaa kwenye benchi moja, na mara nyingi ni hapo wanapojuana majina kwa mara ya kwanza. Hakuna anayeuliza ile mashini ilitoka wapi, wala kwa nini inakubali disiki ambayo jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino.

Lakini mashini hiyo ilipotoka kiwandani ilikuwa imeamriwa kukataa. Ilikuwa imeamriwa kukataa disiki ya kukopiwa, na, jambo ambalo wengi hawalijui, ilikuwa imeamriwa kukataa hata disiki halali kabisa, iliyonunuliwa dukani kwa bei kamili, kwa sababu tu duka hilo lilikuwa katika nchi nyingine.

Kila mtu wa Goma anajua bariere ni nini. Unafika Petite Barrière na mzigo wako kichwani, mtu anaangalia karatasi, anasema pita au anasema rudi. Makampuni ya michezo yaliweka bariere ya namna hiyo ndani ya plastiki, mahali ambapo mnunuzi haioni. Historia ya watu walioifungua ina mafundi, ina waya, ina mahakama za mabara matatu, na kwa sehemu moja inapita hapa hapa Kivu.

Tuanze na plastiki yenyewe. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa Japani mashini iliyoitwa Famicom. Miaka miwili baadaye ilianza kuiuza Marekani kwa jina la NES na kwa umbo jingine. Kaseti za Japani zilikuwa na meno 60 ya kupitisha umeme, zile za Marekani zilikuwa na 72. Kwa hiyo kaseti ya Tokyo haikuweza hata kuingia kwenye mashini ya New York. Juu ya hilo, NES ilikuwa na kipande kidogo cha elektroniki kilichozungumza na kipande cha pili ndani ya kila kaseti. Kama hakijibiwi vizuri, mashini inajizima na kujiwasha bila kuchoka, na mtoto anabaki akitazama kioo kinachopepesa. Mafundi waligundua dawa yake: kukata mguu mmoja tu wa kile kipande, mguu wa nne, na mlinzi ananyamaza.

Mashini iliyofuata, Super Nintendo, inachekesha zaidi. Ilitoka Japani mwaka 1990, Marekani mwaka 1991, Ulaya mwaka 1992. Kati ya mashini ya Japani na ile ya Marekani, kipande cha ulinzi kilikuwa cha aina moja. Kilichowatenganisha ni vijino viwili vya plastiki ndani ya tundu la kaseti, vilivyozuia kaseti ya Japani isishuke. Mpaka wote wa Bahari ya Pasifiki ulikuwa vijino viwili. Mtu alichukua koleo, akavunja, na mchezo wa Japani ukawaka siku hiyo hiyo. Wa Ulaya hawakuwa na bahati hiyo, kwani mashini yao ilikuwa na mlinzi tofauti na ilifanya kazi kwa mwendo tofauti.

Huo mwendo unahitaji maelezo, maana ndio ulioumiza watu wa Ulaya kuliko jambo lolote. Televizio za Japani na Marekani zilichora picha mara 60 kwa sekunde. Za Ulaya zilichora mara 50. Mchezo uliotengenezwa Japani ukipelekwa Ulaya bila kurekebishwa ulikuwa unakwenda polepole, kama asilimia 17 chini ya mwendo wake, na picha ilikuwa imebanwa na mistari mieusi juu na chini. Mtu alilipa pesa nyingi kupata mchezo unaotembea kama mtu mwenye homa. Wengine waliishi hivyo miaka mingi bila kujua kwamba wenzao wa Osaka walikuwa wanacheza kitu kilekile kikikimbia.

Na kuna michezo ambayo haikufika kabisa. Chrono Trigger ilitoka Japani na Marekani mwaka 1995. Ulaya haikuipata rasmi mpaka mwaka 2009, na hapo kwenye mashini nyingine kabisa. Xenogears ilitoka Japani na Marekani mwaka 1998, na Ulaya haikutolewa. Ile iliyofika ilichelewa. Final Fantasy VII ilianza kuuzwa Japani Januari 1997, ikafika Marekani Septemba, ikafika Ulaya Novemba. Kwa mtu mzima miezi kumi ni kitu kidogo. Kwa kijana wa miaka kumi na tano anayesoma habari za mchezo huo kwenye gazeti kila mwezi, ni maisha.

Mwenye kampuni akiulizwa kwa nini anafanya hivyo, alikuwa na majibu yake, na mengine yana maana. Lugha lazima itafsiriwe. Televizio zinatofautiana. Kila nchi ina sheria yake kuhusu umri wa mtoto na mambo ya damu. Kila eneo lina mwenye duka aliyepewa haki ya kuuza peke yake, naye hapendi kuona mzigo wa bei nafuu ukiingia kwa mlango wa nyuma. Hilo la mwisho ndilo zito. Ukigawa dunia vipande, unaweza kuuza kitu kimoja kwa bei tatu na kwa tarehe tatu, na mnunuzi wa bei ya juu hana pa kukimbilia.

PlayStation ya kwanza ya Sony ilitoka Japani tarehe 3 Desemba 1994. Marekani iliipata Septemba 1995, na Ulaya mwisho wa mwezi huohuo. Ilitumia disiki badala ya kaseti, na disiki haina meno wala tundu la kuzibwa kwa plastiki. Basi Sony ikabuni kufuli la aina mpya.

Disiki ina mstari mwembamba sana unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, na taa ya leza ndiyo inayousoma. Kwenye disiki halali za PlayStation, sehemu ya mwanzo kabisa ya mstari huo, karibu na tundu la katikati, ilipigwa kwa kuyumbayumba kidogo kwa makusudi. Kuyumba huko kulibeba herufi nne. Disiki ya Japani ilisema SCEI. Ya Marekani ilisema SCEA. Ya Ulaya ilisema SCEE. Mashini ikiwashwa inasikiliza herufi hizo kwanza. Ikisikia zake, inafungua. Ikisikia za jirani, au isiposikia kitu, inakataa.

Hapo inafaa kusimama kidogo. Ile A ya mwisho haikuwa ya Afrika, ilikuwa ya Amerika. Afrika haikupewa herufi. Mashini chache zilizouzwa rasmi barani, kama kule Afrika Kusini, zilihesabiwa pamoja na Ulaya. Filamu za DVD zilizokuja baadaye ziligawa dunia katika kanda sita, na humo angalau Kongo iliandikwa: ilitiwa kanda ya tano, pamoja na Urusi na India. Nani aliwahi kuona duka la DVD za kanda ya tano huku? Watu waliangalia kilichopatikana.

Kufuli la Sony lilikuwa na akili ya kutosha. Mashini ya kawaida ya kukopi disiki kwenye kompyuta inakopi data, lakini haiwezi kuandika kule kuyumba kwa mstari. Kwa hiyo kopi inakosa herufi nne, na inakataliwa. Kwa kufuli moja Sony ilizuia mambo mawili: kopi ya wizi na mchezo wa ng'ambo. Ugomvi wote wa mahakamani uliofuata umezaliwa hapo, kwa sababu mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Anayekopi hajalipa. Aliyeagiza mchezo kutoka Japani amelipa, tena amelipa na usafiri na duane juu yake.

Mbinu ya kwanza ya watu haikuhitaji hata waya. Mfuniko wa PlayStation una kitufe kidogo kinachoiambia mashini kwamba umefungwa. Mtu alikibana kitufe hicho kwa kipande cha karatasi au springi ya kalamu, akaweka disiki halali ya kwao, akasubiri mashini isome zile herufi, kisha kwa sekunde moja akainyofoa na kuweka disiki ya Japani ikiwa bado inazunguka. Ilifanya kazi. Pia ilikwaruza disiki na kuchosha injini ndogo inayoizungusha, na aliyekosa sekunde yake alianza upya.

Ndipo mwaka 1996 zikatokea chipu. Kifaa kilichotumika sana kilikuwa kompyuta ndogo ya miguu minane, isiyozidi ukucha, ya aina inayotiwa kwenye vifaa vya nyumbani vya kila siku. Ilikuwa inanunuliwa tupu, fundi anaandika programu fupi ndani yake, kisha anaiunganisha kwa waya chache kwenye ubao wa mashini. Kazi yake yote ilikuwa moja. Wakati PlayStation inasikiliza herufi nne, chipu inazipiga kwenye waya tena na tena, kama mtu anayejibu kwa niaba ya mwingine pale mlinzi anapouliza jina. Mashini inasikia jina inalolitaka, inafungua. Disiki ya Japani, ya Marekani, ya Ulaya, au kopi, kwake ni sawa.

Sony haikukaa kimya. Michezo mipya ilianza kupeleleza: katikati ya mchezo ilisikiliza kama herufi zinaendelea kupigwa, jambo ambalo disiki ya kweli haifanyi, na ikizisikia inasimamisha kila kitu. Mafundi wakajibu kwa chipu inayosema herufi mwanzoni tu halafu inanyamaza. Kulikuwa pia na vifaa vya kuchomeka nyuma ya mashini, kwenye tundu lililoachwa kwa matumizi mengine, ambavyo vilifungua michezo ya ng'ambo bila kulehemu. Sony ikaliondoa tundu hilo kwenye mashini zake za baadaye. Ulikuwa mchezo mwingine juu ya mchezo, na uliendelea miaka.

Kwa vijana wa Ulaya kuna mchezo mmoja uliowatuma kwa mafundi kuliko mingi, nao unawahusu hata vijana wa vibanda vya hapa: kandanda. Kampuni ya Konami ya Japani ilikuwa inatoa kila mara toleo la Kijapani kwanza, liitwalo Winning Eleven, na miezi baadaye toleo la Ulaya, ambalo lilikuja kuitwa Pro Evolution Soccer. Winning Eleven 6 ilitoka Japani Aprili 2002. Ndugu yake wa Ulaya, Pro Evolution Soccer 2, alitoka Oktoba. Mwenye mashini iliyofunguliwa alikuwa amecheza miezi sita kabla jirani hajagusa. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, lakini mpira hauhitaji kusomwa. Watu walikariri mahali pa kubonyeza, kama mtu anavyokariri njia ya kijiji asichojua lugha yake.

Sasa tufike mwaka 2000, ambapo habari hii inagusa udongo wa hapa.

PlayStation 2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000. Septemba mwaka huo Sony ilitangaza kwamba Marekani, siku ya kwanza ya mauzo, ingepata mashini 500,000, nusu ya zile milioni moja zilizoahidiwa, kwa sababu vipuri havikutosha. Ulaya ilizipata Novemba. Mwaka huohuo dunia nzima ilikuwa inagombania madini ya tantali, yanayotoka kwenye koltani na kutumika kutengeneza vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu, kompyuta na mashini za michezo. Bei ya tantali ilianza mwaka ikiwa chini ya dola 50 kwa ratili, na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imepita dola 250.

Wazee wa Masisi, Walikale na Kalehe hawahitaji kusimuliwa mwaka huo. Watu waliacha mashamba ya maharagwe na kwenda kuchimba. Wengine waliingia mbuga ya Kahuzi-Biega. Novemba 2000 kundi la RCD, lililotawala eneo hili wakati wa vita, lilitoa haki ya kuuza koltani nje kwa kampuni moja tu, SOMIGL, ili kodi iingie sehemu moja. Aprili 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti yao kuhusu uporaji wa madini ya Kongo. Mwaka huohuo bei ilianguka, na wachimbaji wengi walibaki na mawe mikononi na shamba lililoota majani.

Baadaye waandishi wa ng'ambo walipenda kusema kwamba PlayStation ndiyo iliyowasha moto wa Kivu. Inasikika vizuri, lakini si haki. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1998, kabla mashini hiyo haijauzwa. Sehemu kubwa ya tantali ya dunia wakati ule ilichimbwa Australia. Simu za mkononi zilihitaji madini hayo kuliko mashini za michezo, na wafanyabiashara waliokuwa wakinunua na kuficha mzigo ili bei ipande walichangia pia. Pamoja na hayo, mashini za mwaka ule zilijaa vipande vya tantali, na koltani ya hapa iliingia katika soko lile lile, ikachanganywa na ya wengine, ikapoteza jina. Jiwe lilitoka kwenye shimo, likapandishwa kwenye ndege, likavuka nchi tatu au nne bila herufi yoyote kuulizwa. Lilipogeuzwa kuwa mashini, ndipo likatiwa bariere ndani yake.

PlayStation 2 nayo ilifunguliwa, ingawa kazi yake ilikuwa ngumu zaidi. Chipu iliyojulikana sana mwanzoni iliitwa Messiah, na jina lenyewe linaonyesha jinsi wachezaji walivyoingoja. Waya hazikuwa tena nne au tano, zilifika ishirini na zaidi, nyembamba kama unywele, na tone moja la risasi mahali pasipo pake liliua ubao wote. Mafundi wa kazi hiyo walianza kujulikana kwa majina mitaani, na mashini ya kufunguliwa ikawa na bei kuliko isiyofunguliwa.

Mahakama ziliingia, na hapo dunia haikukubaliana.

Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli lolote la kidijitali linalolinda kazi ya mtu. Mwaka 1999 jaji wa California alilizuia duka lililouza kifaa cha kuchomeka nyuma ya PlayStation, kilichowezesha michezo ya ng'ambo. Haikusaidia kitu kwamba michezo hiyo ilikuwa halali. Agosti 2007 maafisa wa serikali ya Marekani walipekua sehemu 32 katika majimbo 16 kwa siku moja wakitafuta waliouza chipu.

Uingereza ilikwenda njia hiyo hiyo. Kesi ya kwanza ya chipu ya Messiah iliamuliwa mwaka 2002. Utetezi ulisema chipu ina kazi halali, kwa mfano kucheza mchezo ulionunuliwa Japani. Jaji alijibu kwamba ruhusa inayokuja na mchezo wa Japani ni ya kuuchezea Japani. Mwaka 2004, katika kesi ya chipu ya pili ya jina hilo, mahakama ya London iliongeza hoja nyingine: mchezo ukichezwa, sehemu yake inaingia kwenye kumbukumbu ya mashini kwa muda, na hiyo nayo ni kopi. Kwa hesabu hiyo, kuwasha tu ni kukopi.

Italia ilishangaza. Tarehe 31 Desemba 2003, mahakama ya mji mdogo wa Bolzano, kaskazini milimani, iliamuru mashini zilizokamatwa na polisi zirudishwe. Majaji waliona kwamba mtu aliyenunua mashini ndiye mwenyewe, na ndiye anayeamua aitumieje. Habari hiyo ilisomwa dunia nzima na watu ambao hawajawahi kuisikia Bolzano. Haikudumu: mwaka 2007 mahakama ya juu ya Italia ilichukua upande wa kufuli.

Kesi iliyokwenda mbali kuliko zote ilikuwa ya Australia. Sony ilimshitaki mtu wa Sydney aitwaye Stevens, aliyekuwa akifunga chipu na kuuza kopi za michezo. Juu ya kopi hakuna aliyemtetea. Swali lilikuwa la chipu. Serikali ya Australia yenyewe ina ofisi ya kulinda ushindani na wanunuzi, na ofisi hiyo ilikwenda mahakamani kueleza kwamba kugawa dunia kwa kanda kunamnyima mnunuzi wa Australia bei nzuri na michezo ya nje. Mwaka 2002 Stevens alishinda kuhusu chipu. Mwaka 2003 Sony ilikata rufaa na kushinda. Tarehe 6 Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Australia, majaji wote sita, ilimpa ushindi Stevens. Walisema kufuli la PlayStation halimzuii mtu kukopi, maana kopi imekwisha kufanywa kabla disiki haijafika kwenye mashini. Linachozuia ni kucheza, na kucheza mchezo si kosa. Kuhusu ile hoja ya London ya kumbukumbu ya muda, majaji wa Canberra waliikataa.

Australia ilikuwa imetia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mkataba huo uliilazimisha kukaza sheria zake. Mwaka 2006 sheria mpya ilipita, kali kuliko ya kwanza. Lakini waliotunga waliacha dirisha: kufuli la mchezo au filamu linalofanya kazi ya kugawa masoko kwa nchi tu, halilindwi. Kwa maneno mengine, mwizi wa kopi ashikwe, na aliyenunua ng'ambo aachwe acheze. Katika kesi zote, hakuna aliyetenganisha mambo hayo mawili kwa usafi kama waandishi wa kifungu kile.

Mwaka huo wa 2006 ulikuwa na kisa kingine kinachoonyesha kwamba ugomvi haukuwa juu ya wizi peke yake. Lik-Sang lilikuwa duka la Hong Kong lililouza kwa njia ya intaneti mashini na michezo ya Asia kwa wateja wa dunia nzima. Sony ilikuwa imetoa PSP, mashini ya kubeba mkononi, ambayo michezo yake haikuwa na herufi za nchi: mchezo wa Japani ulicheza kwenye PSP ya Ulaya bila fundi wala chipu. Lakini ilichelewa kufika Ulaya, na Lik-Sang lilikuwa likiwatumia watu wa Ulaya mashini halisi za Sony kutoka Asia. Hakukuwa na kopi hapo. Sony ilishitaki, mahakama ya London ikaipa haki, na tarehe 24 Oktoba 2006 Lik-Sang lilifunga milango. Kufuli la plastiki lilikuwa limeondolewa, na sheria ikasimama mahali pake.

Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisubiri hadi tarehe 23 Januari 2014 kusema neno lake, katika kesi ya Nintendo na duka la Italia, PC Box. Ilisema kufuli linalindwa, ila lazima lilingane na kazi yake, na jaji aangalie watu wanaitumia chipu kwa nini kwa kweli: wizi, au mambo yasiyomdhuru mwenye kazi. Haikuwa ushindi wa yeyote.

Wakati wanasheria wakiendelea, bariere yenyewe ilikuwa imeanza kuozea mahali pake. PlayStation 3 ilipotoka mwishoni mwa 2006, michezo yake karibu yote ilicheza popote. Televizio mpya hazikujali 50 wala 60. Michezo mikubwa ilianza kutolewa dunia nzima kwa wakati mmoja, na kugawa masoko kulipoteza faida. Nintendo ilishikilia ukaidi kwa Wii na 3DS, lakini ilipotoa Switch mwaka 2017 nayo iliachia. Walichokiomba wachezaji kwa miaka ishirini, na walichoburutiwa mahakamani, kiliwekwa kwenye sanduku kama kitu cha kawaida. Makufuli dhidi ya kopi yalibaki, na yamekuwa magumu zaidi.

PlayStation 2 yenyewe iliuzwa zaidi ya milioni 155. Mashini nyingi kiasi hicho hazifi zote pamoja. Zilichoka Ulaya na Asia, zikauzwa mkono wa pili, zikatiwa kwenye makontena na mizigo ya wasafiri, na nyingine zikafika kwenye vibanda vya Goma, Bukavu na Uvira. Mwaka 2008 ilipatikana njia ya kuzifungua kwa programu iliyowekwa kwenye kadi ndogo ya kuhifadhia mchezo, bila waya hata mmoja, na tangu hapo kazi ya kulehemu ilipungua. Mwenye kibanda siku hizi anaweza kuwa na flashi moja yenye michezo yote anayohitaji.

Lakini za zamani bado zipo. Fundi wa hapa akiletewa PlayStation 2 nzito, ya mtindo wa kwanza, ambayo leza yake imechoka, anafungua skrubu, anainua mfuniko, na mara nyingine anakuta waya ishirini nyembamba zinazopanda kwenye kipande kidogo kilichobandikwa kwa gundi, kazi ya mkono wa mtu asiyemjua, wa mji asioujua. Fundi mwenye haraka atadhani ni uchafu na kuzing'oa. Anayejua atasafisha leza, atafunga mfuniko, na kuziacha zilivyo.